Kifurushi cha kutambua modulesheni nilichonunua Luthuli: tathmini baada ya miezi mitatu

Ninafunga na kutengeneza redio koli za walinzi hapa Nairobi, na katika kazi hii hakuna lalamiko linaloniumiza kichwa kama la mteja anayepiga simu kusema kwamba redio zake zinaingiliwa. Zinaingiliwa na nini? Mlinzi wa zamu ya usiku anasema alisikia mngurumo, msimamizi wake anaapa kuwa ni mtu anayewachezea makusudi, na mwenye kampuni anataka jibu kabla jua halijatua. Nikiijua modulesheni ya ishara inayoingilia, yaani namna ujumbe ulivyopandishwa juu ya wimbi, nusu ya kazi imekwisha, kwa kuwa FM nyembamba itanipeleka kutafuta redio nyingine, ishara ya kidijitali itanipeleka kutafuta mtambo wa data, na kelele tupu itanipeleka kutafuta kifaa cha umeme kilichoharibika. Kwa hivyo niliposikia kwamba katika barabara ya Luthuli kuna vijana wanaouza kifurushi kinachotambua modulesheni kwa akili unde, nilikwenda siku hiyo hiyo.

Sitalitaja duka wala kifurushi kwa jina, kwa sababu vijana wale bado wanairekebisha programu yao na toleo nililolinunua mimi si lile watakalokuwa wakiuza mwakani. Nililipa shilingi 11,500. Ndani ya boksi mlikuwa na kipokezi kidogo cha USB chenye chipu ya RTL2832U, antena mbili, flashi diski yenye programu, na kijitabu cha kurasa kumi na mbili. Juu ya boksi wameandika kwa herufi kubwa kwamba kifaa kinatambua ishara "zinazojulikana na zisizojulikana", na ni neno hilo la mwisho lililonifanya nitoe pesa.

Kipokezi chenyewe si kitu kigeni. Chipu hiyo ilitengenezwa kwa ajili ya televisheni za kidijitali za mfumo wa DVB-T, na kwa kuwa Kenya ilipozima mitambo ya analogi mwaka 2015 ilihamia DVB-T2, hapa kwetu haiwezi kukuonyesha hata taarifa ya habari. Thamani yake ni nyingine: mwaka 2012 wapenzi wa redio waligundua kwamba inaweza kuipitishia tarakilishi sampuli mbichi za mawimbi, na tangu hapo imekuwa redio ya programu ya bei nafuu kuliko zote duniani. Inashika takriban megahezi 24 hadi 1,766, ambamo mna karibu kila kitu ninachokihitaji kazini. Usahihi wake ni wa biti nane tu, lakini kwa bei hiyo sina la kulalamikia.

Ubongo wa kifurushi umo katika programu. Kila sampuli inayotoka kwenye kipokezi ni namba mbili, na kutokana na jozi hizo unaweza kujua kimo cha wimbi na fezi yake, yaani mahali lilipofika katika mzunguko wake, kwa wakati ule. Mtandao wa nyuroni, yaani programu inayojifunza kwa kuonyeshwa mifano, umefundishwa kwa mkusanyiko wa wazi uitwao RadioML 2016.10A, uliotayarishwa na Timothy O'Shea na Nathan West kwa kutumia programu huria ya GNU Radio. Mna mifano 220,000 ya modulesheni kumi na moja, nane za kidijitali na tatu za analogi, na nguvu ya ishara ikilinganishwa na kelele inaanzia desibeli 20 chini ya sifuri hadi desibeli 18 juu yake. Kila mfano una jozi 128 tu. Naomba msomaji aikumbuke namba hiyo, kwa sababu karibu kila nitakalolisifu au kulilaumu hapa linaanzia kwayo. Akumbuke pia kwamba mifano yote ilitengenezwa ndani ya tarakilishi. Hakuna hata mmoja ulionaswa hewani, sembuse hewa ya Nairobi.

Pale dukani kijana alinionyesha Capital FM kwenye 98.4. Muziki ulikuwa ukipigwa, na skrini ikaandika WBFM, yaani FM pana ya stesheni za redio, kwa uhakika wa asilimia 99. Nikamwomba ajaribu rimoti ya gari ya jirani yake, inayotumia megahezi 433 na kufanya jambo moja tu: kuwasha wimbi na kulizima, kama mtu anayecheza na swichi ya taa. Modulesheni hiyo haimo katika zile kumi na moja. Skrini ikaandika PAM4, modulesheni ya kidijitali yenye vimo vinne vya wimbi, asilimia 96.

"Hapo imekosea, kijana wangu," nikamwambia.

"Mzee, hiyo ni kwa sababu sijawasha kitufe cha zisizojulikana," akajibu, akakibonyeza, na PAM4 ikabaki pale pale.

Kosa hilo ndilo kiini cha tathmini hii, kwa hiyo nitalieleza kwa kituo. Mtandao wa kawaida wa kuainisha hugawa asilimia mia moja miongoni mwa majina unayoyajua, na majina hayo peke yake. Unafanana na mtahiniwa wa KCPE ya zamani mbele ya herufi A hadi D: hata kama majibu yote manne si sahihi, penseli lazima ipake mahali. Ukiletewa ishara usiyoijua, mtandao hausemi kwamba haijui. Unatafuta jina linalokaribiana nayo na kulipa fungu kubwa, na fungu hilo linaweza kuwa kubwa kuliko lile unaloipa ishara unayoijua vizuri. Kitufe cha zisizojulikana katika toleo la kwanza kilikuwa kizingiti tu: uhakika ukishuka chini ya asilimia fulani, programu inaandika "haijulikani". Rimoti ilikuwa na asilimia 96, na kizingiti kilikuwa 90, kwa hiyo ikapita mlangoni kama mwenyeji. Nilipokipandisha kizingiti hadi 98 nyumbani, rimoti ilikataliwa, lakini pamoja nayo zikakataliwa stesheni mbili za FM ambazo hata mtoto angezitambua kwa sikio.

Stesheni za FM zenyewe zilinifunza jambo ambalo kijitabu hakilitaji popote. Muziki ukipigwa, jibu ni sahihi. Mtangazaji akinyamaza kidogo, au akivuta pumzi kabla ya kusoma kichwa cha habari, jibu linarukia AM-DSB, yaani AM ya pande mbili, ambayo sauti hubadilisha kimo cha wimbi badala ya masafa yake, kisha linarudi WBFM sauti ikianza tena. Nilikaa jioni nzima nikilitazama neno hilo likibadilika kwa kufuata pumzi za mtu, hata mke wangu akaniuliza kama nimeanza kusikiliza redio kwa macho.

Sababu yake ni ile namba 128. Programu inasoma sampuli 200,000 kwa sekunde, kwa hiyo dirisha moja lina urefu wa milisekunde 0.64. Mtetemo mmoja tu wa sauti nzito ya mwanamume, tuseme yenye mitetemo 120 kwa sekunde, unachukua zaidi ya milisekunde 8. Mashine inaombwa itambue namna sauti ilivyopandishwa juu ya wimbi huku ikionyeshwa sehemu ya kumi na tatu ya mtetemo mmoja. Mtangazaji akinyamaza, wimbi la FM linabaki karibu tupu, na wimbi tupu la FM na wimbi tupu la AM ni ndugu wa tumbo moja. Wanaoutumia mkusanyiko huu wanalijua doa hili, maana hata ndani yake mifano mingi ya WBFM ilitokana na vipande vya sauti vyenye ukimya. Fundi mwenye macho angetofautisha kwa njia nyingine: stesheni ya stereo hurusha pailoti, mlio wa kudumu wa kilohezi 19 ambao hauzimiki hata studio ikiwa kimya, na kwenye skrini ya spektra, inayoonyesha nguvu ya kila masafa, utauona ndani ya dakika moja. Mashine haikufundishwa kuutafuta.

Bendi ya ndege, megahezi 118 hadi 137, ilifanya vizuri kuliko nilivyotarajia. Marubani wanaoingia na kutoka uwanja wa ndege wa Wilson wanazungumza kwa AM, kwa sababu wawili wakibonyeza pamoja msikilizaji husikia mluzi na kujua kwamba kuna mwingine aliyefunikwa, jambo ambalo FM ingelificha. Programu iliandika AM-DSB karibu kila mara. Sikuisifu sana, kwa kuwa tayari nilijua kwamba inaandika hivyo hata kwa FM iliyonyamaza.

Kisha ikaja kazi ya mtaa wa South C. Redio za walinzi wa ua mmoja wa makazi zilikuwa zikijaa mngurumo kuanzia jioni hadi alfajiri, kwenye masafa ya megahezi mia moja hamsini na kitu. Nilifika saa mbili usiku na kipakatalishi, nikaelekeza programu pale, ikaandika AM-SSB, yaani AM iliyobakishwa upande mmoja tu, asilimia 94. SSB kwenye masafa hayo ni jambo la nadra, nikaanza kuwaza kwamba kuna mpenzi wa redio ambaye mtambo wake umeharibika, na nilizunguka mtaa mzima na antena ya yagi mkononi nikitafuta nguzo ndefu juu ya mapaa. Bawabu wa ua wa pili alinifuata kwa hatua ishirini hivi, akiwa na shaka na mzee anayebeba kitu kama mifupa ya samaki gizani. Jioni iliyofuata nilirudi tena. Antena iliniongoza hadi lango lile lile la mteja, penye taa kubwa ya LED yenye kihisi cha mwanga, iliyokuwa ikijiwasha kila jua likizama. Tulipoizima, mngurumo ulikatika. Kijisanduku cha kubadilishia umeme cha taa hiyo kilikuwa kinamwaga kelele hewani, na hakukuwa na SSB wala mpenzi wa redio yeyote.

Lawama nyingine ni yangu, kwa sababu kelele inayoanza magharibi na kuisha alfajiri ingepaswa kunifanya nitazame taa kabla ya kutazama skrini. Lakini kosa la mashine pia lina historia yake. Mitandao iliyofundishwa kwa RadioML 2016.10A ina mazoea ya kuitupa ishara iliyozama katika kelele kwenye kapu la AM-SSB, maana katika mkusanyiko ule AM-SSB ndiyo inayofanana zaidi na kelele. Anayeijua tabia hiyo atalisoma neno AM-SSB kama "sioni kitu" na kuendelea na kazi yake. Muuzaji aliyeandika "zisizojulikana" juu ya boksi alikuwa na wajibu wa kuniambia hivyo kabla sijatembea usiku mbili.

Nilirudi dukani nikiwa na hasira, na hapa nawapa haki yao: hawakubishana. Walinirudishia ada ya kuwekewa programu ingawa si bei ya kifurushi, na baada ya wiki mbili kijana alinipigia nipitie kuchukua toleo jipya. Toleo hilo ni kitu kingine kabisa. Badala ya kutegemea asilimia peke yake, linafuata mbinu ya jamii ya OpenMax, ambayo Abhijit Bendale na Terrance Boult waliitoa mwaka 2016 kwa ajili ya utambuzi wa picha. Kwa kila modulesheni inayoijua, programu inahifadhi sura yake ya wastani ndani ya mtandao, na pia inahifadhi umbali ambao mifano halali ya aina hiyo huwa inapotoka kwenye wastani huo, ukipimwa kwa mgawanyo wa takwimu uitwao Weibull. Ishara mpya ikija, swali la kwanza ni jina gani linaifaa, na swali la pili ni kama imesimama mbali mno na jamaa wa jina hilo. Ikiwa mbali mno, fungu lake linahamishiwa kwenye kapu la kumi na mbili, la zisizojulikana.

Rimoti ya gari sasa inaandikiwa "haijulikani". Rekodi ya taa ya South C, niliyokuwa nimeihifadhi, nayo inaandikiwa hivyo hivyo, na stesheni za FM hazikataliwi tena ovyo. Kama ningekuwa na toleo hili usiku ule, ningeanza moja kwa moja na vifaa vya umeme.

Nikataka kuona linapofikia mwisho wake, na kwa hilo nilitumia moduli mbili ndogo za LoRa, aina ya redio ya kutuma data kidogo kwa umbali mrefu. LoRa haimo katika aina kumi na moja, na ishara yake ina sura ya pekee: masafa yanapanda kwa mfululizo kutoka upande mmoja wa bendi hadi mwingine, yanaanguka, yanapanda tena, kama mtu anayepiga mluzi wa kushangaa. Nilizipanga kwenye upana wa kilohezi 125. Namba ya SF huamua urefu wa kila mpando. Kwa mpangilio wa SF7, ambapo mpando mmoja unachukua milisekunde 1.02, programu iliandika "haijulikani" bila kusita. Kwa mpangilio wa SF12 ikaandika WBFM, tena na tena, na sogezo lolote la vizingiti halikusaidia.

Hesabu yake si ngumu. Katika SF12 mpando huo huo wa kilohezi 125 unachukua karibu milisekunde 33. Dirisha la milisekunde 0.64 linaona kilohezi mbili na nusu tu za mpando huo, wimbi lenye kimo kisichobadilika na masafa yanayosogea polepole, na hivyo hasa ndivyo kipande kifupi cha FM ya sauti kilivyo. Hakuna mbinu ya kupima umbali itakayoiokoa mashine hapo, kwa kuwa ndani ya dirisha lile ishara hizo mbili kwa kweli hazina tofauti. Vijana walikuwa wameshughulikia swali la jinsi ya kusema "haijulikani", na wameshughulikia vizuri, lakini tofauti yenyewe ikiwa nje ya dirisha hakuna cha kukataliwa.

Upungufu mkubwa zaidi kwa mnunuzi wa hapa ni kwamba orodha haina FM nyembamba, ambayo ndiyo lugha ya redio koli nyingi za walinzi, wala haina 4FSK, modulesheni ya redio koli za kidijitali za DMR. Redio za DMR hutuma alama 4,800 kwa sekunde, kwa hiyo dirisha linapata alama tatu, na programu inaziita CPFSK, jambo ambalo silioni kuwa kosa kubwa kwa sababu ni za ukoo mmoja, zote zikituma data kwa kubadilisha masafa. FM nyembamba ilikuwa ikiitwa WBFM katika toleo la kwanza, na katika toleo jipya mara nyingi inaitwa "haijulikani", ambalo ni jibu la kweli lakini halimlishi fundi.

Kwa bahati nzuri kuna sehemu ya kufundisha aina mpya. Nilirekodi redio zangu mbili za karakana, nikaiacha tarakilishi ikijifunza usiku kucha, na asubuhi ikazitambua zote mbili kama mama anavyotambua hatua za wanawe. Nilipowasha redio ya tatu, ya mteja, ikasema haijulikani. Ilikuwa imejifunza zile redio mbili, pamoja na kosa dogo la masafa la kila moja, badala ya kujifunza FM nyembamba. Nililazimika kukusanya redio tisa, mpya na kuukuu, na kila moja nikairekodi huku nikiusogeza upokezi kidogo kushoto na kulia na kubadilisha umbali wa antena, hadi ilipoelewa kwamba ninachotaka ni aina na si mtu. Tangu hapo imenisaidia katika kazi nne, na katika mojawapo ilinionyesha ndani ya dakika tano kwamba anayeingilia ni kampuni jirani iliyoongeza redio zake kwenye masafa ambayo hayakuwa yake. Jambo kama hilo hupelekwa kwa Mamlaka ya Mawasiliano, na hapo ndipo nilipomwelekeza mteja.

Mengine ni madogo. Kijitabu kimeandikwa kwa Kiingereza pekee, na ukurasa wa kuunganisha programu unadhani kila mtu ana Ubuntu. Kipakatalishi changu kisicho na kadi ya michoro kinaimudu programu bila kuhema. Kipokezi kinapata moto, kwa hiyo kisiwekwe juu ya kitambaa. Ukinunua kipokezi cha bei ya chini zaidi kutoka duka lingine ili uokoe pesa, tazama kristali yake, inayoshikilia usahihi wa masafa: kosa la sehemu 50 kwa milioni kwenye megahezi 433 ni karibu kilohezi 22, na hilo peke yake linatosha kuitoa ishara halali kwenye ukoo wake. Kile cha kwenye kifurushi kina kosa la sehemu moja kwa milioni.

Kwa mwanafunzi wa uhandisi anayetaka kuona ujifunzaji wa mashine ukigusa mawimbi halisi, ningesema akinunue leo, mradi adai toleo jipya. Kwa fundi, kinafaa ikiwa atakuwa tayari kukifundisha upya kwa redio za wateja wake na kuilinganisha kila asilimia na spektra kwa macho yake. Kwa anayetaka jibu la kupeleka mahakamani au kwa mteja mwenye wakili, hapana.

Kijana wa dukani ananiambia kwamba wanaandaa toleo lililofundishwa kwa RadioML 2018.01A, lenye modulesheni 24 na sampuli 1,024 kwa kila mfano. Kwa kasi ile ile ya kusoma, dirisha litakuwa la zaidi ya milisekunde 5, na mpando wa SF12 utaonekana ukitembea karibu kilohezi 20. Nimemwachia moduli yangu moja ya LoRa wakaijaribie kabla hawajaandika chochote juu ya boksi.